Lori, Kodi na Daftari: Makato Ambayo Wengi Hawayadai

Tarehe 30 Juni ikikaribia, wenye malori, matipa na mabasi hapa Pwani huanza kuulizana: je, gari nililonunua kwa mamilioni linanipunguzia kodi, au ni gharama yangu tu? Jibu ni kwamba linapunguza, tena si haba. Lakini lina masharti, na wengi hupoteza haki hii kwa kutojua, au kwa kusikiliza habari za nchi nyingine.

Tuanze na hizo za nchi nyingine, kwa sababu zimesambaa mno kwenye simu zetu. Kuna video zinazosema ukinunua gari zito kwa jina la biashara, unaliondoa lote kwenye kodi mwaka huo huo. Hiyo ni sheria ya Marekani, kifungu cha 179, ambapo magari yanayozidi pauni 6,000, kama kilo 2,700 hivi, yana unafuu maalumu. Jamaa zetu walioko huko huenda inawafaa. Kenya haitumii kipimo hicho.

Sheria yetu inasemaje

Zamani uzito ulikuwa na maana hapa pia. Lori la kubeba tani 3 na zaidi lilipewa makato ya uchakavu ya asilimia 37.5 kwa mwaka, na magari madogo asilimia 25. Mabadiliko ya sheria ya kodi ya Aprili 2020 yaliondoa tofauti hiyo. Sasa magari yote ya biashara, pamoja na mitambo mizito ya kuchimba na kusawazisha ardhi, yako kwenye asilimia 25 kwa mwaka. Sheria ya Fedha ya 2021 ikaongeza kwamba makato hayo yawe ya mafungu yaliyo sawa. Kwa hivyo bei ya gari huisha kwenye hesabu kwa miaka 4.

Kinachotazamwa leo ni kazi ya gari. Gari lililotengenezwa kubeba mizigo na linalotumika hivyo kwenye biashara, basi, au gari linalobeba abiria kwa nauli, huhesabiwa kuwa la kibiashara, na bei yake yote inaingia kwenye makato. Gari jingine lolote, hata likiwa kubwa namna gani, lina kikomo cha Sh3 milioni. Mwenye kampuni akinunua gari la kifahari la Sh9 milioni la kwendea mikutano, anahesabiwa milioni 3 tu, yaani makato ya Sh750,000 kwa mwaka. Mwenzake aliyenunua tipa la bei hiyo hiyo la kubeba mchanga anapata Sh2,250,000 kila mwaka.

Tupige hesabu

Chukua mtu binafsi aliyenunua lori la Sh6 milioni. Kwa mwaka limemwingizia Sh5.4 milioni. Mafuta, mshahara wa dereva na utingo, magurudumu, ukarabati, bima na riba ya mkopo vimekula Sh3.7 milioni. Imebaki Sh1.7 milioni.

Bila kudai makato, kodi yake ya mapato kwa viwango vya sasa, baada ya msamaha wa kibinafsi wa Sh28,800 kwa mwaka, inakaribia Sh418,600. Akidai makato ya asilimia 25, yaani Sh1.5 milioni, faida ya kutozwa kodi inashuka hadi Sh200,000. Kodi yake ni Sh20,000, na msamaha wa kibinafsi unaifuta yote. Kama lori ni la kampuni, ambayo hutozwa asilimia 30 na haina msamaha huo, kodi inatoka Sh510,000 hadi Sh60,000.

Hiyo ni tofauti ya kulipa karo au kununua magurudumu mapya.

Mtego wa kodi ya mauzo ghafi

Hapa ndipo wengi wa wenye lori moja au mawili wanaponaswa. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni na isiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka huwekwa kwenye kodi ya mauzo ghafi, maarufu TOT, ambayo ni asilimia 3 na hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi hii ni rahisi, haitaki hesabu ndefu. Lakini hutozwa kwenye kila shilingi inayoingia. Haitambui mafuta, haitambui dereva, haitambui uchakavu wa gari.

Mwenye lori wetu wa mfano akiwa kwenye TOT atalipa Sh162,000, ilhali kwenye kodi ya kawaida ya mapato asingelipa kitu mwaka huo. Sheria inamruhusu kuiandikia Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) kuomba kutolewa kwenye TOT ili atozwe kodi ya kawaida.

Lakini asikimbilie tu. Mwaka wa tano makato yameisha, na kama biashara ni ile ile kodi ya kawaida inarudi kwenye zile Sh418,600, wakati TOT ingebaki Sh162,000. Kwa hivyo anayenunua gari jipya kila baada ya muda mfupi, au mwenye mkopo wenye riba kubwa, mara nyingi hufaidika na kodi ya kawaida. Mwenye lori la zamani lililokwisha kulipiwa, lenye faida nzuri, huenda TOT ikamfaa zaidi. Piga hesabu ya miaka kadhaa, usitazame mwaka mmoja.

Mambo manne yanayochanganya watu

La kwanza ni mkopo. Gari likinunuliwa kwa mkopo wa benki, makato huhesabiwa kwenye bei ya gari, hata kama deni halijaisha. Riba ni gharama inayokubalika. Lakini sehemu ya rejesho inayolipa deni lenyewe si gharama. Ukiiweka kwenye hesabu utakuwa umedai gari hilo hilo mara mbili.

La pili ni umiliki. Pwani yetu ina magari mengi yaliyonunuliwa na ndugu aliyeko Muscat au Dubai, logibuku ina jina lake, na mpwa ndiye anayeliendesha kibiashara Miritini. Makato ni ya anayemiliki gari na kulitumia kwenye biashara yake. Mpwa hana cha kudai kwa gari lisilo lake. Familia iamue mapema: gari lihamishiwe jina, au liandikiwe mkataba wa kukodishwa, ili mpwa adai kodi ya gari kama gharama na mwenye gari atangaze mapato yake.

La tatu ni kodi ya mapema, ile inayodaiwa kwa magari ya biashara. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, malori na trela hulipa Sh2,500 kwa kila tani ya uwezo wa kubeba, au Sh5,000 kwa mwaka, kubwa kati ya hizo. Lori la tani 10 hulipa Sh25,000. Wengi huidhani ni ada ya leseni na kuisahau. Ni kodi ya mapato iliyotangulizwa, na hutolewa kwenye kodi ya mwaka unapojaza ritani. Weka risiti yake.

La nne ni faini. Ukipigwa faini ya kuzidisha mzigo kwenye mizani ya Mariakani, usitarajie KRA ikubebee. Faini haihesabiwi kuwa gharama ya kutafuta mapato. Hali kadhalika matumizi ya nyumbani: gari la biashara likienda harusini Lamu kwa wiki nzima, sehemu hiyo ya gharama si ya biashara.

Bila karatasi hakuna makato

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza kodi. Mishahara, riba na makato yenyewe ya uchakavu yameondolewa kwenye sharti hilo, lakini bado yanahitaji ushahidi: mkataba wa ununuzi, logibuku, taarifa za benki na za mishahara. Kwa vipuri na huduma nyingine, toa PIN yako kabla ya kulipa. Fundi mdogo ambaye mauzo yake hayafiki Sh5 milioni kwa mwaka, sheria sasa inaruhusu wewe mnunuzi umtengenezee ankara hiyo kwa niaba yake, akikubali.

Makato yakizidi faida, hasara hiyo haipotei. Hupelekwa mwaka unaofuata, ingawa Sheria ya Fedha ya 2025 imeweka kikomo cha miaka 5. Na ukiuza gari, bei uliyouzia hupunguza salio lililobaki kwenye hesabu. Ikizidi salio, ziada huwa mapato na hutozwa kodi. Anayeuza lori baada ya makato kuisha ajue hilo kabla ya kugawa fedha.

Biashara ya malori hapa imebanwa tangu reli ya SGR ianze kubeba makontena, na mafuta hayashuki bei kwa dua. Faida iliyobaki ni nyembamba. Kwa mwenye lori moja, Sh162,000 ni kitu. Kabla ya kujaza ritani, weka mezani bei ya gari, mwaka ulioanza kulitumia na gharama zote zenye ankara, kisha linganisha njia mbili za kodi. Kama hesabu inakutatiza, mlipe mhasibu ada yake mara moja. Ada hiyo nayo ni gharama ya biashara, mradi akupe ankara.