Nyumba ya Watu Watano Nkome: Kweli au Uongo?

Tuseme familia chache za Nkome, kando ya Ziwa Victoria wilayani Geita, zimeamua vijana wao wakae nyumba moja na msaidizi wa kulipwa. Wawili wana ualbino, mmoja haoni, mwingine ana ulemavu wa akili, na wote ni watu wazima. Habari itafika mwaloni kabla haijafika kwa mtendaji, na maneno yatakuwa haya.

"Mkutano mkuu wa kijiji usipopitisha, hawakai."

Uongo, wenye chembe ya ukweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kwa hiyo wakiomba kiwanja cha kijiji, wanakijiji wana haki ya kuuliza mipaka iko wapi na choo kitachimbwa upande gani. Lakini wakipanga nyumba ya mtu, au wakijenga kwenye eneo la familia, hakuna cha kupigia kura. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Mvuvi anayehamia kutoka Ukerewe hajadiliwi mkutanoni ndipo apange chumba. Mwenyekiti anayefungua ajenda kwa "je, tunawataka?" ameuliza swali ambalo mkutano hauna mamlaka nalo.

"Wenye ualbino wakikaa pamoja watatuletea wauaji."

Hofu hii haikuzuka hivi hivi. Kanda ya Ziwa imeumizwa na imani kwamba kiungo cha mwenye ualbino huita dhahabu kwenye duara na samaki kwenye nyavu. Februari 2015, huko Chato, mtoto wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake, akapatikana ameuawa. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu Mwanza iliwahukumu watu 4 kunyongwa kwa kumuua mwanamke mwenye ualbino, Geita, mwaka 2008. Mmoja wa waliohukumiwa alikuwa mume wake.

Hukumu hiyo inatosha kututoa usingizini. Tunawaza mgeni anayekuja usiku, kumbe mmoja wa wauaji alikuwa ndani ya nyumba. Sioni vipi mtu aliyefichwa chumba cha nyuma, asiyejulikana hata na jirani, awe salama kuliko anayeonekana kila asubuhi akichota maji na wenzake wanne, na asipoonekana akaulizwa alipo. Kuhusu dhahabu, wachimbaji wa Geita wanajua inafuata mwamba, hata kama baadhi yao bado hulipia ramli.

"Basi wapelekwe kituoni."

Kwa mtu mzima, hapana. Shule ya Buhangija, Manispaa ya Shinyanga, ilipokea mamia ya watoto wenye ualbino waliokimbizwa makwao, na iliokoa maisha. Hilo halina ubishi. Ila palisongamana, na watoto wakakua mbali na kwao. Ikponwosa Ero, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ualbino, alitembelea Tanzania mwaka 2017 na kuhimiza warejeshwe kwenye jamii zao. Aliyepelekwa mwaka 2009 akiwa na miaka 7 leo ni mtu mzima. Aende wapi? Makazi kama Kolandoto na Bukumbi ni ya wazee na wasiojiweza, na kijana huyu anajiweza. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unampa haki ya kuchagua aishi wapi na nani.

"Hayo ni mambo ya Ulaya."

Wazo la L'Arche, mtandao wa nyumba za pamoja kama hii, lilianzia Ufaransa mwaka 1964, kweli. Lakini nyumba zake zipo Kampala, Uganda, na Nyahururu, Kenya, ambako watu wazima wenye ulemavu wa akili na wasaidizi wao wanakula sufuria moja.

"Kuwatunza ni kazi ya ndugu, si ya kijiji."

Nusu kweli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawabebesha ndugu wajibu, na serikali za mitaa pia, tena inataka kamati ya watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Halmashauri za wilaya nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Kikundi kinaweza kukopa kikafanya biashara ya dagaa, mradi wenye ualbino wapewe kupima na kufunga magunia chini ya paa, si kuanika juani.

Mkopo lakini hurudishwa, na haulipi mshahara wa msaidizi. Nani atamlipa mwezi wa sita, samaki wakiadimika na ndugu wakianza kusuasua? Hilo, tofauti na yote yaliyotangulia, mkutano mkuu ungelijadili hadi jioni na isiwe kupoteza muda.