Sementi ya Volkano Si Hafifu, Ni ya Polepole

MTANGAZAJI: Msikilizaji wa Goma na wa Rubavu, nawe unayevuka Petite Barrière na mzigo kichwani, sikiliza. Tangu matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo, Mei 22, 2021, yapasue nyumba pande zote mbili, swali ni lilelile: sementi yenye pozolana itabeba nyumba?

Itabeba, ukiipa muda. Pozolana ni mawe ya volkano yaliyosagwa. Kiwanda cha CIMERWA, Bugarama, huyachanganya na klinka. Nchi zenye matanuru makubwa ya chuma hutumia mavi ya chuma kwa kazi hiyohiyo. Tazama mfuko: kwenye alama ya CEM, herufi P ni pozolana, S ni mavi ya chuma. Zote hukomaa taratibu, tena zinataka maji. Basi funika zege, limwagilie siku 7 hadi 14, na nguzo za mbao chini ya slabu usizitoe mapema hata fundi akizidai.

Halafu hewa. Kanada huweka dawa ya kutia viputo vidogo ili barafu isipasue zege. Huku kwetu hakuna barafu, na kila asilimia 1 ya hewa hula takriban asilimia 5 ya nguvu. Dawa hiyo usiinunue. Shindilia kwa nondo, tabaka kwa tabaka, hasa pembe za nguzo. Wala usiongeze maji ili zege litiririke, yakikauka yanaacha matundu.

Na mfuko ulionyeshewa njiani ukashika mabonge magumu, usiutie kwenye nguzo.