KIOO CHA UPEPO KWENYE PIKIPIKI: TUKIFUNGE AU TUKIACHE?

Ndugu mfanyakazi, wewe unayekwenda kazini kwa pikipiki, nawe mama unayesikiliza mlio wake asubuhi ili ujue kwamba baba watoto amefika salama, ukurasa huu leo ni wenu wote wawili.

Umeona kwa mafundi wa pikipiki kile kioo cha plastiki kinachofungwa mbele ya usukani. Wengine wanakiita parebrizi. Jirani yako amekifunga, manseba wa kona amekifunga, na sasa wewe unajiuliza: nami nitoe feza nikifunge? Swali ni zuri. Lakini usijibu kwa sababu jirani amefanya. Jibu kwa kuangalia njia yako, mwendo wako, na kile unachokivaa kichwani.

UPEPO UNAFANYA NINI MWILINI?

Kolwezi iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya bahari, na Lubumbashi mita 1,200 hivi. Ndiyo sababu usiku wa Juni na Julai tunatafuta makoti na mablanketi. Sasa panda pikipiki katika baridi ile. Hewa ikiwa na digrii 10, nawe ukienda kilometa 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapata baridi kama ya digrii 5. Upepo wa mwendo unaiba joto la mwili.

Je, baridi ni jambo la kulia-lia tu? Hapana. Vidole vikifa ganzi, mkono unachelewa kukamata breki. Kwa kilometa 60 kwa saa, pikipiki inakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu, umekwisha kupita mita 8. Katika mita 8 kuna nafasi ya kutosha kwa mtoto anayevuka barabara.

Tena, nguvu ya upepo haiongezeki polepole. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma mara nne. Anayetoka kilometa 40 kwenda 80 kwa saa anasukumwa kifuani na shingoni mara nne kuliko mbele. Baada ya zamu nzima ya kazi, kupigana na upepo huo kwa saa moja kunamaliza nguvu iliyobaki, na mtu aliyechoka hafikiri upesi.

Macho nayo yanateseka. Upepo unayakausha na kuyatoa machozi. Wadudu wa jioni, mchanga na vijiwe vya barabara vinaingia. Na mwenye kupigwa na jua, upepo na vumbi miaka mingi anaweza kuota ile nyama ndogo inayotambaa juu ya jicho.

KIOO KINASAIDIA WAPI?

Kioo kizuri kinageuza upepo upite juu ya mabega na kando ya mbavu. Kifua kinapata joto, shingo inapumzika, wadudu na vijiwe vingi vinagonga plastiki kuliko kukugonga wewe. Kwa mtu anayetoka Likasi kwenda Lubumbashi, safari ya kilometa 120 hivi, huo ni msaada wa kweli.

Lakini sikiliza vizuri mambo matatu ambayo kioo hakifanyi.

Kwanza, hakikingi mikono. Vidole vinabaki nje kwenye upepo. Kama shida yako ni vidole, nunua glavu.

Pili, hakichuji vumbi. Nyuma ya kioo hewa inazunguka, nayo inarudisha vumbi mpaka puani. Vumbi jembamba la mawe yetu linaweza kuleta silikosi, ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponya. Ukifuata lori kwenye barabara ya udongo, dawa ni kubaki mbali nalo na kufunika pua na mdomo kwa maski.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kioo hakilindi kichwa ukianguka. Katika ajali, pikipiki inakwenda upande wake na wewe upande wako. Kioo kinabaki na pikipiki.

KASKE KWANZA

Basi kabla ya kuhesabu feza za kioo, angalia kichwani kwako. Una kaske ya pikipiki, nzima, yenye mkanda unaofungwa chini ya kidevu, na kioo chake cha uso? Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi walikuta kwamba kaske inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa 69 katika 100 hivi, na hatari ya kufa kwa 42 katika 100 hivi, kwa wapanda pikipiki wanaopata ajali. Hakuna kioo cha upepo kinachoweza kufanya hivyo.

Na tuseme wazi: kaske ya mgodi si kaske ya pikipiki. Kaske ya mgodi imetengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu, kama jiwe au chombo. Haikutengenezwa kwa kichwa kinachogonga lami kwa ubavu. Na kwa kilometa 50 kwa saa, upepo tu unaweza kuitupa mbali. Iache mahali pake pa kazi, au ifunge kwenye mzigo. Njiani vaa ile ya njia.

Zaidi ya hayo, kaske yenye kioo cha uso inafanya sehemu kubwa ya kazi unayotaka kioo cha pikipiki ikufanyie: inalinda macho, inakinga mashavu na baridi, inazuia wadudu. Nayo inageuka pamoja na kichwa chako, upande wowote unaotazama. Kwa hiyo feza za kwanza ni za kaske yako. Feza za pili ni za kaske ya yule anayekaa nyuma yako, kwa maana fuvu la bibi yako si gumu kuliko lako. Kioo cha upepo kinakuja nyuma ya hayo.

HASARA ZA KIOO

Ndugu, kila chombo kina deni lake. La kioo ni hili.

KUONA. Plastiki inakwaruzika. Mchana huoni neno. Lakini wewe uliyefanya kazi ya usiku unatoka saa jua linapochomoza, na pengine njia yako inaelekea mashariki. Jua likipiga kioo chenye mikwaruzo na vumbi, kioo chote kinawaka kama karatasi nyeupe. Usiku, taa za malori zinafanya vilevile. Na wakati wa mvua, matone yanakaa pale pale, kwa maana kioo cha pikipiki hakina kifutio kama cha gari.

UPEPO WA PEMBENI. Kioo kikubwa ni kama tanga la mtumbwi. Barabara zetu zina malori makubwa yanayobeba shaba. Lori likikupita, kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta. Pikipiki ndogo ya 125, yenye kioo kipana kilichofungwa kwenye usukani, inaweza kuhama njia. Wale wanaofunga mwamvuli mkubwa juu ya pikipiki wamejitafutia tanga kubwa zaidi.

MTOTO. Mama, neno hili usilisahau. Kuna wazazi wanaoketisha mtoto mbele, juu ya tangi la mafuta, na kusema: «Sasa kuna kioo, hatapata baridi.» Baba akikamata breki kwa nguvu, uso wa mtoto ndio unaopiga kioo na usukani, na kifua cha baba kinamfuata nyuma. Kioo hakifanyi mahali pale kuwa pa mtoto. Si mahali pa mtoto, kuwe na kioo au kusiwe.

MASWALI MANNE YA KUAMUA

Keti na bibi yako, mjibu pamoja.

1. Mwendo wako ni upi? Kama unazunguka katika kambi na soko, au unakwenda kazini kwa kilometa 30 au 40 kwa saa, upepo ni mdogo. Koti lililofungwa mpaka shingoni, glavu na kaske vinatosha. Usitoe feza bure.

2. Safari yako ni ndefu kiasi gani? Kama kila siku unakaa saa nzima kwenye lami kwa kilometa 60 au zaidi, kioo kidogo kinaweza kukupunguzia uchovu na baridi. Hapo kina maana.

3. Unasafiri saa ngapi? Kama ni usiku au asubuhi mapema, usifunge kioo kirefu ambacho lazima utazame kupitia ndani yake. Fupi au hapana.

4. Kaske zipo? Kama hazipo, maongezi yamekwisha. Nenda ukanunue kaske.

UKIAMUA KUFUNGA

Chagua kioo kifupi. Keti kwenye pikipiki kama unavyoketi siku zote: ukingo wa juu ufike kwenye mdomo, au chini yake kidogo. Macho yako yapite JUU ya kioo. Hiyo ndiyo kanuni ya kushika kuliko zote: kioo ni cha kugeuza upepo, hakitakiwi kuwa dirisha la kutazamia njia. Mwenye kufuata kanuni hii, hata kioo kikikwaruzika, njia anaiona.

Tafuta plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Polikabonati inavumilia mapigo kuliko pleksi ya kawaida, ambayo inavunjika vipande vyenye ncha. Kioo cha dirisha la nyumba usikifunge kabisa: kikivunjika ni visu mbele ya shingo yako. Kioo cha mlango wa gari nacho hakifai. Kwa kawaida kimekazwa kwa moto, na fundi akijaribu kukikata kinasagika chote.

Ukingo uwe umeviringishwa na kulainishwa, bila pembe kali. Kati ya buloni na plastiki weka rondeli za mpira, na matundu yawe makubwa kidogo kuliko buloni, ili plastiki ipate nafasi ya kupanuka wakati wa jua. Usikaze kwa nguvu za mgodini! Nyufa nyingi zinaanzia kwenye tundu lililokazwa mno.

Kisha, kabla hujamlipa fundi, fanya majaribio haya:

— Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Kioo kisiguse tangi wala mikono yako.

— Washa pikipiki ikiwa imesimama, bila gia, na ugeuze usukani tena. Kama mlio wa injini unapanda wenyewe, waya wa gesi umevutwa. Siku utakapokata kona, pikipiki itaruka mbele bila amri yako. Fundi apange nyaya upya: ya gesi, ya breki na ya ambreyaji.

— Usiku, washa taa. Taa isiwe nyuma ya kioo, wala isirudishe mwanga machoni pako.

— Angalia vioo vya pembeni: bado vinakuonyesha wanaokuja nyuma?

— Mwisho, jaribu njiani siku isiyo na upepo mwingi, polepole kwanza. Usukani ukianza kutetemeka, punguza mwendo taratibu na urudi kwa fundi. Kama haitengenezeki, kiondoe. Kuondoa kitu kibaya si aibu.

KUKITUNZA

Vumbi la Katanga ni mawe yaliyosagwa, nayo ni magumu kuliko plastiki. Ukipangusa kioo kikavu kwa shati, umekipiga msasa. Mwaga maji mengi kwanza, vumbi lishuke lenyewe. Kisha tia sabuni laini na kitambaa cha pamba, bila kukandamiza. Usitumie mafuta ya gari wala dawa kali za kusafishia vioo vya nyumba, maana zinaitia plastiki ukungu na nyufa ndogo-ndogo. Kila juma, gusa buloni zote. Ukiona ufa, usiuzibe kwa gundi. Badilisha kioo.

Na kama mchanga umeingia jichoni, usilisugue. Simama pembeni, lioshe kwa maji safi mengi. Likiendelea kuuma au kuona kukiwa na ukungu, nenda hospitali siku ile ile. Jicho halina la akiba dukani.

NENO LA MWISHO

Ndugu, tusidanganyane: kuna hatari nyingine inayojificha katika kioo kizuri. Mtu asiyesikia upepo hasikii mwendo. Jana kifua kilimwambia: «Punguza.» Leo kifua kimenyamaza, naye anadhani yuko 50, kumbe ni 80. Ukifunga kioo, angalia mshale wa mwendo mara nyingi kuliko zamani, kwa maana upepo aliyekuwa mshauri wako umemfungia mlango.

Basi jibu ni hili. Anayekwenda karibu na polepole, akiache. Anayekwenda mbali kwenye lami, akifunge kifupi, kigumu, kilichofungwa vizuri, atazame juu yake. Na wote wawili, kabla ya kuwasha pikipiki, wafunge mkanda wa kaske chini ya kidevu.

Haraka haraka haina baraka. Nyumbani bukari inaweza kungoja dakika kumi. Ufike.