Mkono Unaoshikilia Jiwe

Kusini-magharibi mwa mji wa Iringa, mwendo wa kilomita 20 hivi, liko korongo la Isimila. Wageni wengi huliendea kwa ajili ya nguzo zake ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Mimi, ambaye kazi yangu ni upasuaji wa mikono, nilivutwa na yaliyolala chini: mashoka ya mawe, mengi yao yenye umbo la tone la maji, yaliyochongwa pande zote mbili hadi yakapata makali. Mengine hutosha kiganjani. Mengine ni makubwa na mazito hata mtu hujiuliza ni mkono gani ulioyatumia.

Haya si mashoka kama yetu ya kupasulia kuni. Hayakuwa na mpini. Kiganja chenyewe ndicho kilichokuwa mpini. Wataalamu huyaita ya Asheuli, kwa jina la Saint-Acheul, kitongoji cha Amiens nchini Ufaransa, ambako yalichunguzwa katika karne ya 19. Lakini asili yake si Ulaya. Miongoni mwa ya kale kabisa yanayojulikana ni yale ya Kokiselei, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, yenye umri wa miaka milioni 1.76. Waundaji wa kwanza wanadhaniwa kuwa ni Homo erectus, aliyetembea wima kama sisi, ingawa ubongo wake ulikuwa mdogo kuliko wetu.

Huko huko magharibi mwa Turkana, mahali paitwapo Kaitio, uliokotwa mfupa wa kiganja wenye umri wa miaka milioni 1.42, ule unaobeba kidole cha kati. Kwenye kitako chake una kijipembe kinachoufungia kwenye mifupa ya kifundo cha mkono, usiteguke vidole vinapobana kitu kwa nguvu. Sokwe hana kijipembe hicho. Sisi tunacho, nami hukiona kila siku katika picha za eksirei bila kukistaajabia. Vivyo hivyo kano ndefu inayokunja ncha ya kidole gumba: kwetu ni nene na ina msuli wake yenyewe, kwa sokwe ni dhaifu au haipo kabisa.

Kwa muda mrefu, tulipomfikiria mchonga mawe, tuliutazama mkono unaogonga. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uingereza, Alastair Key na Christopher Dunmore, walichapisha vipimo vya mkono wa pili, ule unaolishikilia jiwe linalochongwa. Walikuta kwamba katika mkono huo kidole gumba hubeba mzigo mkubwa kuliko vidole vingine. Jiwe lisiposhikwa imara, pigo hupotea.

Nilikuwa nimekwisha kulijua jambo hilo kwa njia nyingine. Alinijia mama mmoja apondaye kokoto kwa riziki yake. Alikuwa amejikata kwa kisu chini ya kidole gumba cha kushoto alipokuwa akipaa samaki. Kituo alichokimbilia kilimshona vizuri, ngozi ikaunga bila usaha. Katika cheti iliandikwa: jeraha dogo, mkono wa kushoto, mgonjwa hutumia wa kulia. Wiki 9 baadaye akaniambia, "Daktari, kidonda kimepona, ila kidole kimekufa." Nyundo aliishika kama zamani. Jiwe ndilo lililomponyoka, na mara mbili alikuwa amejiponda vidole.

Simlaumu sana mwenzangu aliyemshona. Sote tulifundishwa kumwuliza mgonjwa hutumia mkono upi. Kuudharau ule mwingine tulijifundisha wenyewe.

Kipimo hakihitaji mashine. Kabla ya kuchoma dawa ya ganzi, gusa ncha ya kidole pande zote mbili, umwulize mgonjwa kama anahisi sawa na kwenye kidole cha mkono wa pili. Kisha shika pingili ya chini ya kidole gumba isisogee, umwambie akunje ncha. Akishindwa, ichukulie kano kuwa imekatika, hata kama jeraha lina urefu wa sentimita 1 tu. Akiweza lakini kwa maumivu makali, huenda imekatika nusu. Safisha jeraha, lifunike, funga gango, mpe rufaa siku hiyo hiyo. Kano ikiwahiwa katika siku za mwanzo huungwa ncha kwa ncha. Ikicheleweshwa hunywea na kurudi juu kuelekea kifundo, na hapo kazi huwa nyingine kabisa. Nawe uliyeshonwa ukaona ncha ya kidole haikunjiki, au imekufa ganzi siku ya pili yake, usingoje kidonda kipone. Rudi.

Kwa mama yule tulilazimika kuazima kano moja ya kidole cha pete, ambacho kina mbili za kukunjia, tukaihamishia kwenye kidole gumba. Alivaa gango kwa wiki kadhaa, kisha akafanya mazoezi kwa miezi, akichukua mabasi mawili kila aendapo. Mara ya mwisho nilipompima, ncha ilikuwa ikikunjika nusu ya ile ya mkono wa kulia. Amerudi kwenye kokoto siku tatu kwa juma. Siku nyingine bintiye humshikia jiwe.