Jinsi ya Kuzoeza Vidole katika Gitaa



Wako watu wengi waliojifunza gitaa kwa kuangalia wenzao. Mwaka wa kwanza huendelea upesi, kisha husimama pale pale: nyimbo ni zile zile, na makosa ni yale yale. Wengine hukata tamaa, wakasema hawana kipawa. Sisi twaona ya kuwa mara nyingi kilichopungua si kipawa, bali ni utaratibu wa mazoezi. Na habari hiyo ndiyo tutakayo kuieleza leo.

Kwanza yatupasa kufahamu ya kuwa mikono miwili ina kazi mbali mbali. Wa kushoto hubana nyuzi shingoni mwa gitaa, na wa kulia huzipiga. Mwanafunzi akijaribu kuirekebisha yote kwa wakati mmoja, hakuna unaorekebika. Mfano mwema wa kuitenga ni kitabu cha Mauro Giuliani, Mwitalia, kilichotolewa mjini Vienna mwaka 1812. Ndani yake mna mazoezi 120 ya mkono wa kulia, nayo yamejengwa juu ya mikusanyo miwili tu ya sauti, C na G7. Kwa kuwa mkono wa kushoto hauna jipya la kutafuta, sikio lote huelekea mkono wa kulia: kidole gumba katika nyuzi nene, cha shahada katika uzi wa tatu, cha kati katika wa pili, na cha pete katika wa kwanza. Je, sauti zalingana? Kidole cha pete mara nyingi huwa dhaifu. Hapo ndipo hupata nguvu.

Lakini mazoezi matupu huchosha moyo. Kwa hiyo yafaa kuyaambatanisha na vipande vya muziki. Matteo Carcassi alitunga mafunzo 25, na kila moja lina somo lake. La kwanza hukimbiza vidole katika ngazi za sauti. La tatu hutaka wimbo wa juu usikike wazi juu ya nyuzi nyingine. Baadaye mtu aweza kujaribu “Lágrima”, kipande kifupi cha Francisco Tárrega wa Hispania, aliyefariki mwaka 1909.

Sasa twaja katika jambo kubwa, nalo ni mwendo. Vidole havijui kosa wala sahihi. Hushika kile kinachorudiwa. Apigaye kwa haraka na kukosea mara ishirini amejifundisha kosa mara ishirini. Basi tuanze polepole, pigo moja kwa kila sekunde, tukihesabu kwa sauti. Penye ugumu tusirudie wimbo mzima, bali vipimo viwili vile vinavyotukwaza, mpaka vipite salama mara tatu mfululizo; ndipo tuongeze mwendo kidogo.

Nusu saa kila siku yatosha kuanza: dakika tano za ngazi za sauti, kumi za mkono wa kulia, na kumi na tano za kipande. Kifundo cha mkono kikiuma, tuache mara moja tupumzike. Maumivu si dalili ya bidii, ni onyo.

Haba na haba hujaza kibaba. Aliyesimama mwaka mzima mahali pamoja aweza kuanza kwenda tena, naye asianze na wimbo mpya, ila na vile vipimo viwili alivyovikwepa siku zote.