Upande wa Tatu: Mapenzi ya Pembetatu katika Riwaya Pendwa na Filamu Zitokanazo Nazo

Mwanafunzi wa hisabati hufundishwa mapema kwamba pembetatu haikamiliki mpaka pande zake tatu zikutane. Mwanafunzi wa fasihi hulitumia neno hilohilo kwa ulegevu zaidi. Akutanapo na kisa cha mtu mmoja apendwaye na wawili, au awapendaye wawili, hukiita mapenzi ya pembetatu, ilhali mara nyingi kinachochorwa katika riwaya ni pande mbili tu: mistari miwili itokayo kwa mtu mmoja kuwaendea wawili wasiokutana. Upande wa tatu, yaani ule unaowaunganisha washindani wenyewe, aghalabu huachwa wazi. Riwaya huweza kuuvumilia uwazi huo. Filamu huuvumilia kwa taabu, na pale inapouchora upande huo haibadilishi sura ya kisa tu, bali hubadilisha pia mahali lawama inapoangukia.

Kiswahili kina jina la upande huo wa tatu, na jina lenyewe linastahili kuangaliwa kabla ya kuendelea. Mwanamke hawi mke mwenza kwa mumewe. Kwa mume yeye ni mke, kama yule mwingine. Uwenza wake uko kwa mwanamke mwenziwe. Neno hilo, lenye udugu wa wazi na mwenzi na mwenzake, linamtaja mshindani kwa lugha ya ushirika. Linakiri kwamba watu wawili walioletwa pamoja na mtu wa tatu huwa na jambo lao wenyewe, liwe la uhasama au la maelewano, ambalo huyo wa tatu halitawali. Kwa wanaume wawili wanaomgombea mwanamke mmoja lugha haina neno la namna hiyo. Wao ni washindani, mahasimu, au maadui. Mume mwenza, likisikika, husikika kwa mzaha. Tofauti hii si ya msamiati peke yake, na itarejewa.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa kirefu ni Devdas, riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay iliyochapishwa mwaka 1917. Sababu ya kuichagua ni kwamba ni riwaya fupi, iliyopendwa na wasomaji wa kawaida kuliko ilivyopendwa na baadhi ya wahakiki, na imegeuzwa filamu mara nyingi kiasi kwamba msomaji anaweza kuona kisa kimoja kikipita katika mikono ya vizazi kadhaa. Filamu bubu ilitoka mwaka 1928. P. C. Barua aliifanya upya mwaka 1935, naye mwenyewe akaigiza Devdas kwa Kibengali, huku mwimbaji K. L. Saigal akiigiza nafasi hiyo katika toleo la Kihindi. Bimal Roy aliitoa yake mwaka 1955, Sanjay Leela Bhansali mwaka 2002, na mwaka 2009 Anurag Kashyap akakihamishia kisa katika India ya leo kwa filamu yake Dev.D. Hapa hazihesabiwi zile za Kitelugu, Kitamili na lugha nyingine.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimuliwa. Devdas, mtoto wa mwenye ardhi, amekua pamoja na Parvati, binti wa jirani ambaye jamaa zake huhesabiwa kuwa chini kwa hadhi. Wazazi wa kijana wanaikataa ndoa. Parvati anathubutu kumwendea usiku chumbani mwake na kujikabidhi kwake. Devdas anasitasita, anakwenda zake mjini, kisha anamwandikia barua ya kuukana upendo ule. Anapojuta amekwisha kuchelewa. Parvati anaolewa na mjane mwenye mali na watoto wakubwa. Devdas anazama katika ulevi jijini, ambako Chandramukhi, mwanamke aishiye kwa kucheza, kuimba na kuwapokea wanaume kwa malipo, anampenda hata kuiacha kazi yake. Mwishoni Devdas, mgonjwa asiye na tumaini, anasafiri hadi kijiji cha mumewe Parvati na kufia nje ya nyumba yao.

Jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita ni kwamba katika riwaya Parvati na Chandramukhi hawakutani kamwe. Chandramukhi anamjua mwenziwe kwa masimulizi ya Devdas tu. Kila kinachopita baina ya wanawake hao wawili kinapita ndani ya kichwa cha mwanamume mmoja, ambaye kuelekea mwisho anawalinganisha, mmoja mwenye majivuno na mwingine mpole, pasipo wao kuwa na nafasi ya kulinganishana. Matokeo yake ni makali. Kwa kuwa Devdas ndiye kiungo pekee, Devdas ndiye mshtakiwa pekee. Baba mkali yupo, mila zipo, lakini msimulizi haachi kuonyesha kwamba mlango ulifunguliwa usiku ule na kijana hakuingia. Hata kifo hakimpatanishi na yeyote, maana Parvati analijua jina la marehemu wakati maiti imekwisha kuondolewa.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akauliza swali ambalo mhakiki wa Ulaya halimjii upesi: kwa nini Devdas asiwaoe wote wawili? Swali hilo si la utani. Sheria iliyowakataza Wahindu kuoa mke wa pili ilipitishwa na Bunge la India mwaka 1955, ambao kwa sadfa ndio mwaka wa filamu ya Bimal Roy. Riwaya ilipotoka, sheria haikuwa kizuizi kwa mwanamume. Kilichoifanya pembetatu isifungike ni hadhi ya ukoo kwa upande wa Parvati na kazi ya Chandramukhi kwa upande wake. Kwa hiyo dhana iliyozoeleka kwamba mapenzi ya pembetatu huzaliwa na sheria ya ndoa ya mke mmoja, na kwamba katika jamii ya mitara tatizo halipo, haisimami. Mitara hulijibu swali la nani ataolewa. Swali la nani anastahili kuolewa, na kwa kipimo cha nani, hubaki palepale.

Kamera nayo ina tabia yake. Msimulizi maizi wa riwaya anaweza kukaa kurasa kumi na Chandramukhi kijijini, kisha akahamia kwa Parvati na kuyafananisha maisha yao bila ya kuwakutanisha. Filamu ina nyuso na miili, na mtazamaji aliyewaona waigizaji wawili mashuhuri katika picha zilizobandikwa nje ya jumba la sinema amekwisha kuahidiwa, pasipo maneno, kwamba atawaona pamoja. Bimal Roy, aliyeshiriki katika kazi ya Barua kama mpiga picha, aliilipa ahadi hiyo kwa ubahili wa kifundi. Katika filamu yake Parvati yumo ndani ya machela na Chandramukhi anatembea kwa miguu. Wanapishana njiani, wanatazamana, na kila mmoja anashika njia yake. Hakuna neno linalosemwa. Hakuna ushahidi kwamba wametambuana. Upande wa tatu umechorwa kwa penseli, na mtazamaji ameachiwa kuukoleza au kuufuta.

Hata hivyo mchoro huo hafifu ulitosha kuzua mgogoro nje ya filamu. Vyjayanthimala, aliyeigiza Chandramukhi, alipewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi, naye akaikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba nafasi yake ililingana na ile ya Suchitra Sen aliyeigiza Parvati, na kwamba hakuwa msaidizi wa mtu. Tukio hili husimuliwa kama habari za waigizaji, lakini ni uhakiki kamili. Je, pembetatu ina pembe kuu na pembe ndogo? Waliogawa tuzo waliisoma filamu kama kisa cha wapenzi wawili na mtu wa pembeni. Mwigizaji aliisoma kama kisa cha watatu. Riwaya yenyewe inamuunga mkono mwigizaji, kwa kuwa Chandramukhi ndiye mhusika anayebadilika kuliko wote, wakati Devdas anaendelea kuwa yuleyule mpaka anakufa.

Bhansali, mwaka 2002, aliuchora upande wa tatu kwa wino mzito. Parvati anakwenda mwenyewe nyumbani kwa Chandramukhi kuomba udongo wa uani kwake kwa ajili ya sanamu ya mungu wa kike Durga, jambo lenye mizizi katika desturi ya Kibengali, kisha anamwalika kwenye sherehe. Wanawake hao wawili, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit, wanacheza ngoma pamoja wakiwa wamevaa sare, na ngoma hiyo ndiyo sehemu ya filamu inayokumbukwa zaidi. Wapenzi wa riwaya walilalamika kwamba mwandishi hakuandika hivyo, na kwa hakika hakuandika. Lakini kipimo cha uaminifu, ambacho ndicho hutawala insha nyingi za wanafunzi juu ya riwaya na filamu, huishia hapo: hurekodi tofauti na kuihesabu kuwa kosa. Lenye faida zaidi ni kuuliza tofauti hiyo imefanya kazi gani.

Imefanya kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kwamba Chandramukhi amepata mtu wa kuzungumza naye aliye sawa naye. Anapofedheheshwa mbele ya wageni, anajibu, na jibu lake linawageukia wanaume wa nyumba za heshima wanaoingia kwake usiku. Riwaya haikumpa jukwaa hilo. Ya pili ni kwamba Devdas ametoka katika kizimba. Kwa kuwa washindani wamekumbatiana, madhara yanahitaji mkosaji mwingine, na filamu inawaleta: shemeji wa kike mchonganishi, mkwe mwenye uchu anayeifichua siri ya mgeni, matusi anayotupiwa mama yake Parvati mbele ya watu. Mwishoni Parvati anakimbia kuelekea lango, na lango linafungwa na wengine. Machozi ya mtazamaji yanamwagika bila ya swali gumu la riwaya, lile la mlango ambao Devdas mwenyewe hakuuingia.

Mtazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa kuusoma upande huo wa tatu. Filamu za Kihindi zimeonyeshwa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mwanahistoria Laura Fair ameandika jinsi watazamaji wa Unguja wa miaka ya 1950 walivyoichukua Awara, filamu ya mwaka 1951, na kuitumia katika mijadala yao wenyewe juu ya mapenzi na ndoa. Nyimbo zake ziliingia katika taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa hasa kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi. Na taarabu ya mipasho, iliyopamba moto katika miaka ya 1990, imejengwa karibu yote juu ya upande wa tatu. Mwimbaji hamwambii mume jambo. Humwambia mwanamke mwenziwe, na msikilizaji wa kike anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji huku akimtupia jicho fulani ukumbini anakamilisha ujumbe. Mume hutajwa kama mali inayogombewa, au hatajwi kabisa.

Hapo ndipo filamu ya Bhansali na ukumbi wa taarabu vinapofanana zaidi ya mahadhi, ingawa katika kimoja wanawake wanakumbatiana na katika kingine wanarushana roho. Katika vyote viwili mwanamume aliyeanzisha shida hana pa kulaumiwa, kwa sababu mazungumzo yamehama. Neno mke mwenza lina uzuri wa kukiri kwamba wanawake hao wana jambo lao. Lina pia udhaifu wa kuwaachia wao kulimaliza.

Kwa upande wa riwaya ya Kiswahili, Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, inageuza mpangilio. Hapa mwanamke, Bahati, yuko baina ya wanaume wawili: Mwinyi, mzee mwenye mali, na Idi, kijana asiye nayo. Mzee ana kiu ya mapenzi, kijana ana kiu ya mali, na Bahati ndiye njia ambayo kiu ya mmoja hupitia kuufikia mfuko wa mwingine. Upande wa tatu, ule baina ya Mwinyi na Idi, umechorwa na mwandishi mwenyewe, nao si wa wivu. Ni wa fedha. Kwa kuwa lugha haina neno la uwenza kwa wanaume, uhusiano wao umepata majina ya kiuchumi, ya tajiri na maskini, ya anayetoa na anayechuma. Mwandishi hakuhitaji kuwakutanisha kwa mapambano ya wapenzi. Mali imekwisha kuwakutanisha.

Mwongozaji yeyote atakayeichukua Kiu na kuipeleka katika filamu atakutana na vishawishi vilevile vilivyomkuta Bhansali. Chepesi kufanya ni kuwaweka Mwinyi na Idi uso kwa uso, wapigane kwa ajili ya Bahati, na mzee aonekane mwovu kwa kuwa ni mzee na tajiri. Kigumu ni kuiweka kamera kwa Bahati wakati fedha zinapokabidhiwa, na kuiacha hapo.