Dawa inapouma: tuwasaidie wagonjwa wa kansa wafike mwisho wa matibabu



Katika makanisa yetu, mtu akisikia neno kansa huwaza mara moja kifo. Akimwona mgonjwa aliyeanza matibabu amekonda, hana nywele, anatapika, husema: "Hiyo dawa ndiyo inamwua." Kwa sababu ya maneno hayo, wengine huacha matibabu katikati ya njia. Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya, ameniruhusu nieleze aliyoyapitia, ili wengine wasiache.

Yaya aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Kule Butembo walikata kipande kidogo kikapimwa, na jibu likawa kansa. Tulipita Kasindi mpaka Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoko Mulago na inayofanya kazi tangu mwaka 1967. Waganga walimpangia kemoterapi, ambayo kwetu wengi husema shimio, mara 8, kila baada ya siku 21. Baada ya hapo operesheni, kisha mionzi, kisha vidonge vya kila siku kwa miaka isiyopungua 5.

Kwa nini dawa hiyo inaumiza? Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana. Chembe za kansa huzaana haraka na bila utaratibu, na dawa huwinda chembe zinazozaana haraka. Lakini zipo chembe nzuri zinazozaana haraka pia: za mizizi ya nywele, za ndani ya kinywa na matumbo, na za ndani ya mifupa ambako damu hutengenezwa. Dawa haiwezi kuzitenga zote. Ndiyo maana nywele huanguka, kinywa hupata vidonda, na damu hupungua nguvu. Zile siku 21 ni za kuupa mwili nafasi ya kuinuka kabla ya dawa nyingine. Basi kunyonyoka nywele si laana, wala si alama kwamba dawa imeshindwa.

Mara 4 za kwanza, Yaya alipewa pamoja na nyingine dawa nyekundu iitwayo doksorubisini. Mkojo wake ukawa mwekundu siku moja au mbili. Binti yake alilia akidhani ni damu, kumbe ni rangi ya dawa tu. Mara 4 za mwisho dawa ilibadilishwa, na vidole vya mikono na miguu vikaingia ganzi, hata kufunga vifungo vya blauzi ikawa kazi. Kichefuchefu kilipungua alipokunywa vidonge alivyopewa kwa wakati wake, na kula kidogo kidogo mara nyingi.

Jambo moja kila mshirika alishike: homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, askari wa damu wanaopigana na magonjwa huwa wachache. Sisi tumezoea kwamba homa ni malaria, tunakunywa vidonge na kulala. Mgonjwa wa shimio asifanye hivyo. Joto likifika digrii 38, apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku, na aseme kwamba yuko kwenye shimio. Inaweza kuwa malaria kweli, lakini lazima apimwe, na hesabu ya damu yake ipimwe pia. Kungoja asubuhi kunaweza kumwua.

Baada ya dawa ya tatu Yaya alisema, "Inatosha, siendi tena." Watu wa maombi walikuwa wamemwambia kwamba kutumia dawa ni kukosa imani. Nilimkumbusha habari ya mfalme Hezekia. Aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na nabii yuleyule aliyeleta jibu la Mungu aliagiza matini yawekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa vilikuwa katika nyumba moja. Mwuguzi naye alimpima uvimbe, akamwonyesha kwamba umepungua. Yaya akarudi kwa dawa ya nne.

Lakini hangefika Kampala kwa maneno matupu. Wamama wa kanisa walichanga pesa za safari na kulea watoto wake kila alipoondoka. Hilo kila kanisa linaweza kulifanya. Mtembeleeni mgonjwa kwa muda mfupi, mkiwa mmenawa mikono. Mwenye kikohozi abaki nyumbani na apige simu. Msimlazimishe kufunga: mwili wake unahitaji chakula kilichoiva vizuri na maji yaliyochemshwa. Majani na mizizi msimpe kabla ya kumwuliza mganga wake, kwa kuwa mengine hugombana na dawa.

Leo Yaya amemaliza operesheni na mionzi. Anakunywa vidonge vyake, ambavyo humletea joto na jasho usiku. Mkono wa kushoto huvimba akibeba bidoni ya maji, hivyo watoto wanamchotea. Waganga hawajasema kwamba yote yamekwisha. Anarudi kupimwa kwa tarehe zake. Lakini anaimba tena katika kwaya.

Mama yeyote anayeona uvimbe kwenye titi, hata usiouma, aende kupimwa wiki hii, asingoje uanze kuuma. Na ninyi wazee na mashemasi, kama mnaye mgonjwa kanisani, mwulizeni tarehe ya dawa yake inayofuata, muiandike kwenye kitabu cha kanisa, na mkubaliane mapema nani atatoa pesa za safari na nani atakwenda naye.

Bwana awatie nguvu.